Aliyetoka Katikati ya Wimbo

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa saba mchana, maduka ya chini ya ardhi ya mtaa wa Hoehyeon yalikuwa yamefurika watu. Wauza santuri walikuwa wametoa makasha yao hadi njiani, na wateja walipishana kwa mabega. Katikati ya msongamano huo, mbele ya duka la tatu, msichana mmoja aliyevaa koti la sufi la rangi ya chai na skafu ya manjano alikuwa amesimama analia.

Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, naye aliyaacha yatoke, maana mwenye duka alikuwa ameweka wimbo wa Ma Yeonsil, mwimbaji aliyefariki mwezi wa nne. Msichana huyo, Ok Serin, mpokea wagonjwa wa kliniki ya meno, alikuwa katibu wa chama cha mashabiki wa Ma Yeonsil tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na thelathini.

Pakiti ya karatasi laini ikatokea mbele ya pua yake.

"Chukua, dada. Ni za kanisa," ilisema sauti ya kiume. "Mimi sijaokoka, nimepewa tu pale kituoni."

Serin aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, jaketi jeusi lenye mifuko mingi, waya mbili zikichungulia katika mmoja wao, nywele zimelala upande mmoja.

"Unagawa karatasi kwa kila anayelia?"

"Wanaolia kwa beti ya pili tu. Wanaolia kwa kiitikio siwahesabu, kiitikio kinamliza kila mtu."

Serin alicheka akiwa bado anajifuta. Kwa Ma Yeonsil utamu ulikuwa kweli katika beti ya pili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mwanamume aliyelijua hilo.

Jina lake lilikuwa Tak Geonu, fundi wa sauti wa majukwaani. Siku hiyo walikunywa kahawa wakiwa wamesimama. Jumamosi iliyofuata walikaa. Ya tatu yake walitembea kando ya kijito cha Cheonggye mpaka vidole vikafa ganzi, na Geonu akautia mkono wa Serin katika mfuko wake wenye waya.

"Usinipige shoti," Serin alisema.

"Umeshanipiga wewe. Mimi nalipiza polepole."

Kila mchana, kliniki ilipofungwa kwa chakula, simu iliita.

"Leo umeng'oa mangapi?"

"Mimi sing'oi, mpenzi. Mimi nawaambia wakae, wasubiri."

"Basi hata mimi niko kwenye foleni yako."

Katikati ya Desemba ilikuwa sherehe ya tuzo za muziki, na mwaka huo waandaaji walitenga robo saa nzima ya kumkumbuka Ma Yeonsil. Geonu alikuwa miongoni mwa mafundi wa ukumbini. Serin na wanachama wenzake waliitazama kwa Mama Ryu, mwenyekiti wao, mfamasia mwenye kipara kidogo pale alipochana nywele kwa nguvu miaka hamsini. Walikaa sakafuni, mapaja yao chini ya blanketi moja, machungwa katikati.

Sherehe ilianza saa kumi na moja jioni, na zamu ya Ma Yeonsil ilipofika hakuna aliyemenya chungwa tena. Kundi la vijana saba, wenye nywele za rangi zote za pipi, walikiinamia kiti kitupu kilichowekwa kwa ajili ya marehemu hadi vipaji vya nyuso vikagusa sakafu, wakakaa hivyo muda mrefu kuliko walivyofundishwa. Mzee mmoja wa nyimbo za mapenzi alikwama beti ya kwanza, sauti ikamkatika, na ukumbi mzima ukamchukulia wimbo mdomoni ukaumalizia. Mwisho akapandishwa jukwaani Bibi Gu, mama mzazi wa marehemu, umri miaka themanini na moja, amevaa koti refu la buluu nzito lililofika vifundoni. Alipokea ngao ya heshima kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni kwa kumpenda mtoto wangu," akashuka. Kwa Mama Ryu walilia wote.

Lakini kamera ilikuwa imeona jambo jingine. Mwanzoni mwa robo saa hiyo, wimbo uliorekodiwa na Ma Yeonsil ulipofika beti ya pili, mwimbaji kijana Chae Danbi, aliyekuwa katika kilele cha umaarufu wake, aliinuka kwenye kiti chake cha mstari wa mbele, akainama, akatoka. Alirudi wakati Bibi Gu yuko tayari jukwaani. Nywele zilikuwa zimemvurugika, mkono mmoja wa gauni lake jeupe umelowa, na alikuwa anatabasamu. Si kutabasamu tu. Alikuwa anauzuia mdomo wake usicheke.

"Mmemwona huyo?" Mama Ryu aliuliza.

"Labda aliitwa kubadili nguo," alisema mmoja.

"Mbona hakubadili? Mwenzake anakumbukwa, yeye anakwenda kupiga soga."

"Mwacheni, bado mtoto. Mwaka jana alimsaidia yule mpiga gitaa aliyeanguka."

"Miaka ishirini na minne ni mtoto? Mimi ningekuwa mama yake ningemvuta sikio mbele ya kamera."

Serin hakubishana. Alifungua simu yake, akaandika. Alikuwa na kalamu kali, na hasira iliinoa zaidi. Aliandika kwamba wapo waliomheshimu Ma Yeonsil kwa paji la uso, na yupo aliyemheshimu kwa mgongo. Kufika asubuhi maneno hayo yalikuwa yamesomwa na watu laki nne, na "mgongo wa Danbi" lilikuwa tusi jipya la mjini.

Geonu alipiga simu mchana, sauti imemkauka.

"Serin, ule ujumbe ni wako?"

"Ni wangu. Umeupenda?"

"Ufute."

"Nini?"

"Ufute, mpenzi. Nakuomba. Hukuwa pale."

"Haya, wewe ulikuwepo. Niambie alikwenda wapi."

Serin alisikia akiweka waya chini.

"Siwezi."

"Huwezi kwa sababu hujui, au kwa sababu unajua?"

"Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Watu wawili. Yeye ni mmojawapo."

"Yeye Danbi." Serin alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Kwa hiyo usiku wa kumkumbuka mtu ninayempenda kuliko mwimbaji yeyote, bwana wangu alikuwa nyuma ya pazia anapeana ahadi na msichana mwenye gauni jeupe."

"Usiligeuze hivyo."

"Ni mzuri, eti?"

"Ndiyo, ni mzuri. Lakini si kwa namna unayofikiri."

"Basi kaa na uzuri wake," alisema Serin, akakata.

Geonu alipiga mara tano siku hiyo, mara tatu kesho yake. Kisha akaandika ujumbe mmoja: *Nitakungoja, lakini siwezi kuvunja ahadi.* Serin aliusoma mara nyingi kuliko alivyokubali nafsini mwake, wala hakujibu. Chae Danbi naye aliulizwa na waandishi wa habari uwanja wa ndege. Aliinamisha kichwa akasema, "Nilitoka, ni kweli. Mnisamehe," akapita. Waliomchukia walisema amekiri.

Wiki sita zikapita. Siku tatu kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya zamani, chama kilimtuma katibu wake kupeleka kasha la mapeasi kwa Bibi Gu. Bibi huyo aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya mtaa wa Mapo, ghorofa ya pili, chumba kina joto na harufu ya mafuta ya ufuta. Serin alivaa sketi yake ya kijivu ya heshima, akapiga magoti, akainama mpaka chini.

"Inuka, mwanangu, sakafu haina jipya," Bibi alisema. Alimenya peasi moja kwa kisu kidogo, ganda likashuka refu bila kukatika. Kisha akauliza, "Wewe unasoma yale ya kwenye simu?"

"Nasoma, Bibi."

"Jirani yangu ameniambia watu wanamtukana yule binti. Danbi. Wanasema alimpa mwanangu mgongo. Ni kweli?"

"Ni kweli wanasema."

"Unamjua aliyeanza?"

Serin alirudisha kipande cha peasi sahanini. Alitazama pembeni, macho yakaangukia ukutani, koti la buluu lilipotundikwa.

"Koti lile si langu," Bibi Gu alisema, akiyafuata macho yake. "Ni la Danbi. Siku ile walinikalisha nyuma ya jukwaa, kijana mmoja mrefu ananifunga maikrofoni. Mara nikasikia sauti ya Yeonsil imejaa ukumbi mzima. Miezi minane nilikuwa sijaisikia, sikuthubutu. Miguu ikaniisha. Na si miguu tu, mwanangu. Mwili uliniachia. Nikalowa mpaka kwenye soksi, na dakika kumi baadaye natakiwa mbele ya nchi nzima."

Serin aliweka uma chini.

"Yule binti alikuwa amenisalimia mapema, akaona sina rangi. Akaja kunitazama. Alinikuta hivyo. Akafunga mlango, akamtuma yule kijana maji ya moto. Kijana akaleta beseni, akageuka akatazama ukuta muda wote. Danbi akapiga magoti na gauni lile jeupe, akaniosha miguu kwa mikono yake. Akanivalisha suruali yake ya mazoezi, juu akanitia koti lake. Nikamwambia, 'Mwanangu alipokuwa mdogo nilimbadilisha mimi. Leo anaimba yeye, nabadilishwa mimi.' Akacheka huku analia, nami nikacheka. Nisingecheka, nisingepanda lile jukwaa. Nikawaomba wote wawili wasimwambie mtu."

Serin alihisi damu yote imempanda masikioni. Aliisogeza sahani kando, akainama tena mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Aliyeanza ni mimi, Bibi."

Bibi Gu aliweka kisu kando. Kisha akasema, bila ukali, "Basi andika ukweli. Nimeshazeeka, aibu nitaifanyia nini? Bora binti apone."

Alisema hivyo, lakini mikono yake miwili ilikuwa imeshuka yenyewe ikafunika magoti, na Serin akaiona.

"Hapana, Bibi," alisema. "Nitaandika langu tu."

Aliandika siku hiyohiyo, katika treni ya kurudi: *Mimi ndiye niliyeandika kuhusu mgongo wa Chae Danbi. Nilikosea. Nimejua alikokwenda, na sitasema, kwa kuwa si langu kusema. Mimi nimempenda Ma Yeonsil miaka kumi na moja na sijawahi kumfanyia hata nusu ya alichofanya Danbi jioni ile. Mnaotaka kutukana, nitukaneni mimi.*

Wakamtukana. Wapo walioandika kwamba kampuni ya Danbi imemnunua, na wapo walioandika kwamba ana wazimu. Mama Ryu alimpigia mwenyewe.

"Nipe sababu moja ya kuwaambia wanachama, Serin. Moja tu."

"Sina, mama."

"Basi siwezi kukuacha kwenye ukatibu."

"Najua."

"Kumi na moja, miaka kumi na moja, binti."

"Najua, mama," Serin alirudia, na baada ya simu alikaa jikoni akilia kwa beti zote.

Lakini baadhi ya watu walianza kujiuliza. Walirudia ile video, safari hii wakitazama mkono uliolowa, na mmoja akaandika kwamba mtu aliyekwenda kupiga soga harudi na mkono umelowa hadi kiwikoni. Tusi likapungua makali. Danbi hakusema neno hata hapo, na kwa wengi kimya chake kikaanza kuonekana kilivyokuwa.

Ulikuwa msimu wa mahafali. Serin aliwauliza mafundi wengine Geonu alipo, akaomba ruhusa ya nusu siku, akapanda treni hadi Suwon, kwenye ukumbi wa shule moja ya sekondari. Wanafunzi walikuwa wanatoka na mashada ya maua. Geonu alikuwa amechuchumaa jukwaani akikunja waya. Alikuwa amekonda.

Serin alisimama chini ya jukwaa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilikudhania vibaya, wewe na yeye."

Geonu aliinua macho. "Nilisoma. Nikashika simu, nikaiweka. Sikutaka uone nimengoja mpaka ukatukanwa ndipo nije."

"Ungekuja tu. Nilikuwa nahitaji karipio la mtu ninayemjua."

Alitabasamu kidogo. Kisha akawa na mashaka. "Serin, ukiniuliza kilichotokea, bado siwezi kukwambia."

"Sikuulizi."

Geonu alimtazama kwa makini, na taratibu akaelewa kwamba Serin anajua. Aliona pia kwamba hatalisema, hata kwake, hata hapo walipokuwa wawili tu. Alishuka jukwaani akamkumbatia, waya bado zimemning'inia begani, na Serin akaweka uso wake katika lile jaketi akabaki hapo.

Walikwenda kula tambi za mchuzi mweusi katika mgahawa wa mtaa wa pili, ambako kila meza ilikuwa na familia ya mhitimu. Mama mwenye mgahawa aliwaangalia watu wazima wawili wasio na maua.

"Na nyinyi mhitimu wenu yuko wapi?"

"Ni huyu," Geonu alisema.

"Umehitimu nini, dada?"

Serin alifikiri. "Kunyamaza," alisema.

Mama yule akacheka, akawaongezea sahani ya maandazi ya nyama. Geonu alizichanganya tambi za Serin, kisha za kwake, kisha za Serin tena, ingawa zilikuwa zimeshachanganyika.

"Tuoane mwezi wa tano," alisema akilitazama bakuli.

Serin alitafuna, akameza, akajifuta mchuzi mdomoni.

"Wa tano kila Jumamosi una harusi za watu, na wewe ndiye fundi wao. Utaniacha madhabahuni ukafunge spika." Alimsogezea maandazi. "Wa nne."