Majani ya Mkunazi kwa Bibi Harusi

Kitendawili. Nawe sema tega, usininyamazie. Mashamba ya watu yakipata maji mimea hurefuka. Langu likipata maji mimea hufupika. Ni shamba gani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Mombasa, hukukosea. Nimeingia Mji wa Kale, nikapita Kibokoni, nikapanda ghorofani kwa Bi Mahfudha, nikamkuta amchoma bintiye nywele kwa kitana cha moto. Shamba ndilo hilo. Nywele za kuchomwa, tone moja la maji na zimejikunja.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu uhuru. Khairiya ameketi mkekani, kashika sikio lisiungue, seredani yawaka makaa mbele yake.

"Mama, yatosha."

"Haijatosha. Bi Shariffa aja alasiri kukutia mafuta kwa mkono wake. Alipokuona kwenye harusi ya watu alisema nini?"

"Alisema nina nywele za singa."

"Basi leo na akute singa, asikute kipilipili. Inama."

Kwao Bi Shariffa, watu wa asili ya Hadharamaut, siku ya nikaha haikutajwa mpaka mama wa mwanamume amtie mkwewe mafuta ya nywele. Na mwanamume mwenyewe, mwanawe Yeslam, karani wa bohari kule Mbaraki, hakuwahi kuona hata unywele mmoja wa Khairiya. Alimpenda kwa sauti, alipomsikia akisoma maulidi nyuma ya pazia.

Kitana kilikaa makaani kupita kiasi. Kilipogusa juu ya sikio kililia chwaa, moshi ukapanda, na fundo zima la nywele likabaki kwenye meno yake.

Khairiya alipapasa. Pako wazi, pana moto.

"Tutapafunika," mama alisema upesi. "Tutazilaza upande huu."

"Miaka saba ya kuchomwa, mama. Leo basi."

Aliinuka, akaingia chooni, akajimwagia kata nzima ya maji kichwani. Nywele zilizokuwa zimefika kiunoni zikapanda, zikapanda, mpaka zikamkaa mabegani.

"Umeniua, mtoto wewe."

"Sijakuua. Nakwenda dukani kwa Mzee Muhdhar kupiga simu."

Akatupa buibui juu ya kichwa kibichi, akashuka. Mzee Muhdhar alimsogezea simu, akageukia gunia lake la sukari.

"Zungumza, mwanangu. Mimi hapa nina kisogo tu, masikio nimeyaacha nyumbani."

"Hapa bohari," ilisema sauti ya Yeslam. "Nani mwenzangu?"

"Khairiya."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Nisikilize. Mama yako alisifu nywele zangu. Si za singa. Ni kipilipili, tena kile kigumu. Huchomwa kila Alhamisi, na leo zimeungua upande mmoja. Ukitaka kurudi nyuma, rudi sasa, kabla hajanitia mkono kichwani."

"Ndiyo hayo tu?"

"Kwani ni kidogo?"

"Nilidhani umepata mchumba mwengine. Khairiya, mimi nilikusikia nyuma ya pazia. Hata ungekuwa na upara ningejuaje?"

"Wanifanyia mzaha."

"Basi nikuulize la kweli. Wewe mwenyewe wazipenda?"

Tangu azaliwe hakuna aliyemuuliza Khairiya hilo. Akaurudisha mkono wa simu polepole.

"Amekata?" Mzee Muhdhar aliuliza, bado kageuka.

"Nimekata mimi."

Adhuhuri ilipopita, hodi ikabishwa. Alikuwa Mbodze, msaidizi wa nyumbani kwa Bi Shariffa, na bahasha ya khaki mkononi.

"Nimetumwa na Yeslam. Nimpe bibi harusi."

"Nipe mimi mamake," alisema Bi Mahfudha.

Aliifungua, akanusa mara moja, akaketi chini. Majani makavu ya mkunazi, yaliyotwangwa. Harufu ile mara ya mwisho aliinusa siku alipomuosha mamake mzazi kabla ya sanda.

"Ulimwambia nini mtu yule?"

"Nilimwambia kweli."

"Na hili ndilo jibu lake. Majani ya kuoshea maiti. Posa imekufa, tuizike."

"Lakini alicheka nami, mama."

"Watu hucheka kwenye simu, kisha hutuma."

Khairiya hakubisha. Alivua pete mwenyewe, akaiweka kwenye sinia pamoja na leso na chupa ya marashi alivyoletewa siku ya posa. Wakaiweka sinia mlangoni, juu ya ngazi, kisha binti akaingia ndani kulia peke yake.

Alasiri Bi Shariffa alipanda akihema, chupa ya mafuta kwapani.

"Masalkheri, Bi Mahfudha. Ngazi zenu hizi zataka mtu wa miaka kumi na sita. Sinia hii ya nani?"

"Yako. Ichukue. Ujumbe tumeupata."

"Ujumbe gani?"

Bi Mahfudha alimnyoshea ile bahasha. Mgeni akachota kidogo, akanusa.

"Huu mkunazi wangu. Yeslam alikuja mbio, akanipokonya na kichwa changu kibichi. Namuuliza wa nini, hata hanijibu. Kwani nyinyi hamuoshei nywele?"

"Sisi twaoshea maiti."

"Na sisi pia. Lakini mtu kabla hajawa maiti ana kichwa, na kichwa huchafuka."

Akaketi mkekani, akavua mtandio. Khairiya, aliyekuwa akichungulia mlangoni macho mekundu, alisahau kujificha. Nywele za Bi Shariffa zilikuwa za kujiviringa, nzito, zenye mvi hapa na pale, zang'aa kwa maji.

"Na ulizisifu zangu za singa," alisema Khairiya.

"Niliona singa, nikasema singa. Nilipofika nyumbani nikamwambia mwanangu, mchumba wako akiniona kichwa wazi atadhani ni fagio."

Bi Mahfudha aliziba mdomo. Kicheko kikamshinda, kikatoka.

"Njoo, mwanangu," Bi Shariffa alisema, akatoa kitana cha mti chenye meno mapana. "Osha na mkunazi. Chana zikiwa mbichi, uanze nchani upande juu. Ukianzia shinani wazing'oa. Mafuta kidogo, usuke, ulale nazo. Palipoungua pasiguswe."

"Zitaota?"

"Zangu zilinyonyoka zote kwa homa. Zitazame sasa."

Bi Mahfudha alinyosha mkono. "Nipe hicho kitana, nami nijaribu."

Haikuwa rahisi. Wiki ya tatu Khairiya alilia kwa mafundo, akaomba arudishwe makaani. Mamake akamwambia makaa ni ya mahamri.

Baada ya miezi mitatu nikaha ikasomwa. Bibi harusi alipambwa kwa nywele zake mwenyewe, asumini zimechomekwa ndani ya mawimbi yake. Mwanamke mmoja akanong'ona:

"Mbona hakuchanwa?"

"Amechanwa na mimi," alisema Bi Mahfudha. "Sogea uone vizuri."

Yeslam aliingizwa chumbani kumpa mkewe mkono. Alipofunua mtandio alitazama sana, akashika msokoto mdogo uliokuwa ukiota juu ya sikio, akauvuta, akauachia. Ukarudi mahali pake. Akatabasamu.

"Mbona kimya?" aliuliza Khairiya.

"Nasubiri. Nilikatiwa simu kule Mbaraki, sijapata jibu mpaka leo."

Khairiya aliinua macho, akamtazama usoni.

"Nazipenda," alisema.