Santuri Isiyochakaa

Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 2018 ilianza vizuri nyumbani kwa Victorine. Upepo wa mwisho wa baridi ulikuwa ukirusha vumbi katika barabara za mtaa wa Bertrams, Johannesburg, na kutoka upande wa uwanja zilisikika kelele za mashabiki waliowahi mechi. Yeye alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akimalizia sare za kitenge za akina mama wa kwaya. Tarehe tunazo kwa sababu dada yake mkubwa, Marcelline, aliyebaki kwao Uvira, Kongo, huandika daftarini kila simu inayotoka Johannesburg. Yaliyobaki tumeyapata kwa Thierry, mumewe Victorine. Hakuna tulichoongeza.

Mchana Thierry alirudi kutoka Randburg, anakolinda lango la jengo la ofisi. Kwapani alibeba santuri nyeusi ndani ya jalada lililofifia.

"Nani kakupa?"

"Mzee Tumu, yule tuliyelinda naye lango kabla hajastaafu. Kasema niichukue bure."

"Bure ya nini?"

"Mama Shekinah, zawadi haiulizwi kitambulisho."

Victorine akacheka. Thierry akavua kofia na kuongeza kwamba mzee alimuuliza nyumbani wanaishi wangapi. "Nikamwambia watatu. Akasema sharp, yaani sawa, akaninyooshea. Lakini hakuiachia mpaka nilipoivuta."

Ilikuwa albamu ya kundi la watu wanne: kinanda, saksafoni, gitaa na ngoma. Jaladani iliandikwa kwamba ilirekodiwa mbele ya watu, katika ukumbi wa Johannesburg, Jumapili moja alasiri mwaka 1974. Thierry aliiweka kwenye gramafoni yao, akashusha sindano. Mikwaruzo ikapasuka kama vitunguu kwenye mafuta ya moto, kisha kinanda kikaingia. Kilikuwa kinanda cha kanisani, lakini kilitembea kama mtu wa mjini asiye na haraka. Saksafoni ikakijibu kama mtu aliyelia akamaliza, na sasa anazungumza.

Thierry alisikiliza upande mzima bila kuvua viatu vya kazi. Shekinah, binti yao wa miaka minane, aliiacha televisheni akaja kukaa sakafuni. Mlango ukagongwa. Alikuwa Denise, jirani wa mlango wa pili, mkono wake bado una sabuni ya vyombo.

"Rudisheni," akasema. "Rudisheni kidogo."

Tangu siku hiyo ikawa ada. Nyimbo za mwaka ule zilikuwa zimeshawachosha watu kabla mwaka haujaisha; hii ya miaka arobaini na minne ilisikika kama imepigwa jana. Kila Jumapili baada ya ibada walikula, wakaosha vyombo, wakaiweka. Gaston, mpiga kinanda wa kanisa lao, mtu wa Lubumbashi, hakukosa hata mara moja. Huyu Gaston alikuwa na kituko chake: watu wote wakishamaliza kupiga makofi, yeye huongeza matatu ya kwake, ya polepole. Pa. Pa. Pa. Watoto wa kanisani walimwiga, naye alifurahi.

Mwishoni mwa upande wa kwanza watu wa ukumbini walipiga makofi, na katikati yake mwanamke aliita jina. Jumapili za mwanzo hakuna aliyelishika. Tarehe 9 Septemba wote walilisikia.

"Gaston!"

Kicheko chumba kizima.

"Eish, Gaston, ulikuwa na mchumba mwaka sabini na nne?" Denise alimtania.

"Nilikuwa sijazaliwa, lakini nilishaanza kutafutwa." Gaston akainua kikombe chake cha chai kuelekea gramafoni na kuitikia kwa sauti ya kanisani: "Naam! Niko hapa!"

Victorine hakucheka. Kwao, mtu akisikia jina lake na hamwoni anayemwita, hunyamaza. Husubiri. Mwenye miguu atakuja mwenyewe.

"Gaston, kwenu hawakukufundisha?"

"Mama Shekinah, hata wachawi wanaombwa karatasi huku. Hawavuki mpaka."

Alhamisi ile, saa sita mchana, walimkuta kanisani ameketi kwenye kinanda chake, mikono juu ya vibao. Daktari alisema ni moyo. Kinanda hakikuwa kimewashwa, lakini fundi aliyeitwa kufungua mlango uliofungwa kwa ndani aliapa kwamba alipokuwa nje alisikia kikipigwa.

Walimfanyia matanga, wakakusanya nauli ya jeneza hadi Lubumbashi. Jumapili iliyofuata mazishi Thierry aliiweka santuri kwa heshima ya rafiki yake. Victorine, aliyekuwa anakunja nguo, ndiye aliyegundua kwanza kwamba mikwaruzo imepungua. Vitunguu havikaangwi tena. Wimbo wa mwisho ukaisha, makofi yakaja, makofi yakatulia.

Pa. Pa. Pa.

Thierry akainua sindano haraka hata ikakwaruza. Hawakutazamana. Aliirudisha santuri ndani ya jalada, akaipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku.

Jioni hiyo alimpigia simu Mzee Tumu, Victorine akiwa ameegemeza sikio karibu. Alimweleza yote. Mzee akauliza swali moja tu.

"Yule mama bado anaita?"

"Hatujui. Nimesimamisha kwenye makofi."

"Hayupo," mzee akasema, na wakasikia kwamba analia. "Mtu akiitikia, anayeita anaachiliwa. Kumbe amepumzika. Yule ni mke wangu. Nyumbani tulikuwa saba, mwanangu. Kila aliyeingia alimwita mwingine. Nilibaki mimi, akaniita mimi, kila Jumapili, miaka kumi na moja. Sikuitikia. Niliogopa."

"Kwa nini hukuivunja?"

"Wewe ungeivunja, mke wako akiwa ndani?"

Simu ikakatika. Walipopiga tena, haikushikwa.

Ndipo hofu ya Victorine ikapata jina. Katika nyumba ile kulikuwa na mtoto mmoja tu, na kosa lilikuwa la mama yake. Shekinah alizaliwa Johannesburg. Aliongea Kiingereza shuleni na Kizulu na watoto wa ngazini. Kiswahili alikisikia tu. Victorine hakutaka watu wa kwao waseme amezaa mtoto asiye na adabu, kwa hiyo alikuwa amemsisitizia jambo moja, lile alilolelewa nalo na bibi yake wa Kigoma: ukiitwa, itika. Hata uwe umelala. "Abee, mama." Mtoto alilijua kama jina lake. Lakini fundisho hilo lina nusu ya pili, ile ya kunyamaza usipomwona anayekuita, na hiyo Victorine aliiacha. Aliona aibu kumweleza mtoto wa Joburg mambo ya wachawi. Usiku uleule alijaribu kumweleza.

"But you said always answer," Shekinah akasema.

"Nimesema. Sasa nakwambia, ile santuri usiiguse."

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Lakini alipokuwa anaoga, Victorine alimsikia akiuimba kwa pua ule wimbo wa mwisho, noti kwa noti, hata mahali saksafoni inapovuta pumzi.

Tarehe 23 Oktoba ilikuwa Jumanne. Saa tisa alasiri, jua kali. Victorine alikuwa jikoni akisonga ugali. Shekinah alikuwa ametoka shule. Victorine alisikia kiti kikiburutwa chumbani, akadhani mtoto anafuata kitabu. Kisha akasikia kinanda.

Safari hii hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Sauti ilikuwa safi kama kundi lote limesimama sebuleni. Na, Mungu amsamehe, alisimama akasikiliza. Mwiko mkononi. Ugali ukiungua. Alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililokuwa likimwamsha usiku: si kwamba hakujua, bali kwamba alisikiliza mpaka mwisho kwa sababu ilikuwa nzuri.

Makofi.

Akakimbia.

Pa. Pa. Pa.

Shekinah alikuwa amepiga magoti mbele ya gramafoni, mgongo kwa mlango.

"Shekinah!"

Ilikuwa sauti ya Gaston. Aliita kwa upole, kama alivyomwita kanisani kumpa peremende.

Mtoto akafungua mdomo. Victorine akamfikia, akambana midomo kwa kiganja, kwa nguvu zote. Alihisi pumzi. Alihisi ulimi. Alihisi neno lenyewe likipita katikati ya vidole vyake, la moto, kama mvuke wa sufuria. Chumbani halikusikika.

Lilisikika kwenye santuri.

"Abee!"

Shekinah hakufa. Aligeuka akamtazama mama yake, akasogeza midomo, pasitoke kitu. Hata kilio hakikuwa na sauti. Walimpeleka hospitali mbili. Madaktari walimulika koo, wakapiga picha, wakasema koo ni zima, labda ameshtuka, wampe muda. Mchungaji alimwombea siku tatu. Mtoto alikuwa akiwaandikia Kiingereza kwenye karatasi: *I am not in here,* yaani simo humu.

Je, sasa wangeivunja? Thierry aliishika mara moja juu ya goti. Shekinah akamrukia, akamng'ata mkono mpaka akaiachia.

Waliendelea kuiweka, kwa kuwa ndipo pekee alipopatikana. Jumapili baada ya Jumapili mtoto aliketi karibu na spika. Makofi matatu ya Gaston hayakusikika tena. Mahali pake lilikuja lile "Abee!" na Shekinah alilifuatisha kwa midomo, akitabasamu. Jumapili ya nne sauti ikabadilika.

"Mama!"

Victorine alikuwa kwenye cherehani. Alichukua kipande cha kitenge akakitia mdomoni.

"Mama! Mama!"

Aliuma kitambaa mpaka ukimya ukaja. Mwanawe alikuwa mbele yake, midomo imefungwa, anamtazama tu.

Ijumaa ya tarehe 30 Novemba alimpigia Marcelline. Simu hiyo imeandikwa kurasa sita. Alimsimulia yote, kwa mpangilio, kisha akasema: "Yaya, dada yangu, yule mzee alinyamaza miaka kumi na moja. Mimi sijaweza majuma mawili."

"Victorine, usiitikie. Ni mtego."

"Najua ni mtego. Lakini aliye ndani yake ni mwanangu."

"Na wewe ukiingia, utamwita nani?"

Victorine aliuliza kama mvua zimeanza Uvira.

Jumapili, tarehe 2 Desemba, walikula, akaosha vyombo mwenyewe. Alimsuka Shekinah nywele. Alimwambia Thierry amshike mtoto na, lolote litakalosikika, leo au siku nyingine, asifungue mdomo. Kisha akakitia kile kitambaa mdomoni, akashusha sindano. Thierry anasema hakuwahi kusikia muziki mzuri kama huo tangu azaliwe, na kwamba anajichukia kwa kusema hivyo.

Makofi.

"Mama!"

Victorine akakitoa kitambaa mdomoni. Akakikunja. Akakiweka juu ya cherehani.

"Abee, mwanangu," akasema. "Niko hapa."

Mikononi mwa Thierry mtoto akapiga ukelele, mkubwa, wa koo zima, mpaka Denise akaja mbio. Victorine alikuwa bado ameketi wima, hapumui, macho kwenye gramafoni, mguu wake juu ya kanyagio la cherehani. Sindano ya cherehani ilikuwa inakwenda yenyewe, bila uzi.

Leo Shekinah anaongea. Anaongea Kiswahili kile cha Kigoma, cha bibi wa mama yake, ambacho hakuna aliyemfundisha. Kitambaa Marcelline alitumiwa, na kiko ndani ya daftari. Kina alama za meno. Tumezihesabu: safu ya mtu mzima na, ndani yake, safu ndogo ya meno ya maziwa.

Santuri iko juu ya kabati kule Bertrams. Thierry anasema haiweki tena. Lakini mwezi uliopita Marcelline alimpigia, Jumapili alasiri, na kabla Thierry hajasema neno, nyuma yake kinanda kilikuwa kinatembea polepole, safi, bila mkwaruzo. Marcelline alisubiri. Makofi yakaja, yakatulia. Kisha akamsikia mdogo wake akiita, kwa ile sauti ya kumwita mtu chakula kikiwa tayari:

"Baba Shekinah!"

Thierry hakuitikia. Alikuwa anauma kitu.