Alama Nyeupe Ukutani

Nyumbani huniita Dodosa, kwa sababu maswali hayaniishi. Kila nilipotoka shule nilimpelekea mama chakula kwenye karakana ya samani alikofanya kazi, na swali halikukosekana.

"Mama, mbona kinga ya msumeno imetundikwa ukutani kama kofia?" nilimwuliza siku moja. Kinga ni kifuniko cha chuma kinachozuia vidole visifikie meno ya msumeno wa umeme.

"Tajiri anasema inachelewesha kazi. Tunaifunga siku mkaguzi akija," mama alijibu. "Haya, nenda kafanye hesabu zako."

Juma lililofuata msumeno ukamkata mama vidole viwili. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Kumbe tajiri alikuwa na lake: alileta karatasi, akitaka mama atie sahihi kwamba aliivua kinga mwenyewe. Hapo fidia ingeota mbawa. Mama akakataa, lakini wenzake waliogopa kufukuzwa, wakafyata mkia.

Mkaguzi wa usalama kazini alipoitwa, mama alikwenda karakanani na bandeji yake, nami nyuma. Kinga ilikuwa imefungwa kwenye msumeno.

"Siku zote iko hapo," tajiri alisema. "Huyu mama alijitakia."

 Nikautazama ukuta. Wote ulikuwa wa kijani, isipokuwa alama moja nyeupe chini ya msumari.

"Shikamoo, mkaguzi. Naomba kuuliza. Mbona pale hapakupakwa rangi?"

"Marahaba. Hata mimi nataka kujua," alisema.

Akaifungua kinga, akaiweka juu ya ile alama. Ikaenea sawasawa, pembe kwa pembe.

Fundi rangi, aliyesimama na mafundi wenzake, akakohoa. "Nilipaka mimi, mwaka jana. Nilifanya uvivu kuishusha, nikaizunguka."

Tajiri alimkazia macho, lakini maji yalikwisha kumwagika. Mafundi wengine nao wakasema ukweli, mmoja baada ya mwingine.

"Mwajiri akivunja kanuni za usalama, aliyeumia asibebeshwe lawama," mkaguzi alimwambia tajiri. "Utamlipa fidia yake, na kinga haitoki tena kwenye msumeno."

Mama alilipwa, ingawa vidole havikurudi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alinishika kwa mkono wake mzima.

"Mwanangu, siku ile uliniuliza swali la maana, nikakufukuza ukafanye hesabu," alisema. "Jibu nililijua, ila niliogopa kulisema kwa sauti. Siku nyingine nikikufukuza, rudi uniulize tena."