Ubukima wa London

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwa wakazi wote wa Rusinga, wakubwa kwa wadogo, kwamba Bwana Nashon Ogutu, mtu wa kwanza wa ukoo wake kunywa chai London, amerejea kutoka ng'ambo akiwa na koti refu la sufu na Kiingereza cha puani.

Bwana huyo, alipokuwa akishuka kwenye mashua kutoka Mbita, aliteleza akaketi ziwani mpaka kifuani. Koti likanywa maji likawa zito kama ndama. Zilpah, mchumba wake, ndiye aliyemvuta nje.

Zilpah hakujali. Alikuwa amemngoja tangu mwaka wa Uhuru, siku ukoo mzima ulipomsindikiza kwa nyimbo hadi Homa Bay akaanze safari ya masomo. Wachumba wengine aliwafukuza, na kila wiki alipeleka samaki wakavu soko la Migori mpaka akajinunulia gauni jeupe. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo. Barua hakupata hata moja. Nashon alieleza kwamba baridi ya Ulaya hugandisha wino.

Jioni walikula kwa Roseline, dada yake Zilpah. Nashon alihadithia Wazungu wanaosalimia mbwa kabla ya watu, na magari yanayopita chini ya ardhi. Kisiwa chenu ni kizuri, alisema, lakini asiyevuka bahari hajaona kitu.

"Shemeji," Roseline akauliza, "huko chini ya ardhi, fuko nao hulipa nauli?"

Nashon alicheka, akalamba mchuzi vidoleni, akasukuma sahani.

"Niongezee ubukima kidogo."

Mkono wa Zilpah ukasimama hewani. Rusinga nzima ugali ni kuon. Neno hilo jingine alilisikia Migori tu, kwa wateja wake Wakuria.

"Umesema nini?"

"Ugali. Nimesema ugali."

"Umesema ubukima. Ndivyo Malkia anavyouita?"

"Kulikuwa na Mkuria chuoni."

"Na ndiye aliyekuwa akikupikia?"

Nashon akageukia mlango. Mlangoni koti lilikuwa bado linadondosha maji.

"Nitazame, Nashon. Anaitwa nani?"

"Nyangi."

Yaliyobaki yakamwagika yenyewe. Nafasi ya masomo iliyeyukia Nairobi. Aliona haya kurudi baada ya nyimbo zile zote, akapanda basi akashuka Migori, akawa karani wa mnunuzi wa mahindi. Nyangi alimfundisha Kikuria, akampikia, akamzalia mtoto.

"Nilitaka tuoane kwanza," Nashon alisema, "kisha nikueleze."

Zilpah alimgeukia dada yake.

"Kesho mwambie mchungaji Jumamosi apumzike."

Kisha akamrudia Nashon, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ungekuwa London ningekusamehe, bahari ni pana. Lakini Migori? Nilipita hapo kila wiki na kapu kichwani."

"Najua."

"Unajuaje?"

Nashon aliinamia sahani.

"Nilikuwa nikikuona. Nilijificha nyuma ya magunia mpaka upite. Siku moja ulimuuzia Nyangi ngege wakavu, ukamwongezea mmoja kwa ajili ya mtoto aliyekuwa mgongoni."

Zilpah alimkumbuka mtoto huyo. Alikuwa amemshika shavu.

"Na yule wa nyongeza," Nashon akasema, "nilimla mimi."