Maji ya Udhu kwa Lengalenga

Kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, Sikitu alichukua ndoo akaenda nyuma ya msikiti. Mama yake, Amina, alikuwa ameomba ruhusa ya kuweka pipa mahali wanaume walipotawadhia. Maji ya udhu, ambayo zamani yalitiririka na kufanya tope njiani, sasa yalikusanyika humo. Sikitu aliyateka, akaenda kumwagilia mboga za lengalenga nyuma ya nyumba yao mjini Beni.

Ulikuwa mwaka 1964. Vita vilikuwa vimefunga barabara. Lori la baba yake, Mzee Jumaine, lilikaa uani bila safari, na mboga alizokuwa akileta kutoka mji wa Butembo hazikufika tena. Wiki baada ya wiki walikula ugali na maharage yaleyale. Ndipo jirani yao Delphine, mke wa mwalimu aliyehamishwa kutoka Kasai, alipomfundisha Amina kufukia maganda ya ndizi na takataka za jikoni mpaka zioze ziwe mbolea. Bustani ikashika, na nyumba nzima ikaanza kuhesabu siku za kuvuna.

Tatizo lilikuwa Sikitu. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mvivu tu, na mvivu hakosi njia ya mkato. Kumwagilia tuta zima kulihitaji safari sita za kwenda msikitini, na beseni la maji ya kufulia lilikuwa palepale mlangoni. Maji ni maji, alijiambia, akayamwaga kwenye lengalenga, povu na yote.

Baada ya siku nne majani yaligeuka manjano.

Amina alisimama mbele ya tuta, mikono kiunoni. "Mbolea ya Maman Delphine imeunguza mboga yangu," alisema. "Leo tunachimbua yote, tunatupa. Na yeye, asikanyage tena hapa kwangu."

Delphine hakuwa na ndugu mji huo, na nyumba pekee aliyokuja kupiga soga ilikuwa hii. Mama akainua jembe.

"Mama, ngoja. Hapana mbolea. Ni mimi. Nilikuwa nachoka kwenda ku musikiti, nikamwanga maji ya sabuni."

Amina aliweka jembe chini. "Enda umwite Maman Delphine. Na hayo maneno, utamwambia wewe mwenyewe."

Sikitu aliona aibu kuyasema mara ya pili, hasa kwa mtu aliyekuja akitabasamu. Lakini Delphine hakugomba. Alichutama, akang'oa mche mmoja, akawaonyesha mzizi wake mweupe.

"Ingali muzima," alisema. "Mumwange maji mazuri mingi, sabuni ishuke chini. Maji ya kufulia, muoshee choo. Lakini ku bustani, hapana."

Siku ile Sikitu alikwenda msikitini mara kumi na nane. Miche mingine ilikufa, lakini mingi ilichipua upya. Wiki mbili baadaye Amina alipika sufuria ya kwanza, akampa Delphine sahani kubwa kuliko zote.

Mgeni alipoondoka, Amina alimgeukia binti yake.

"Maganda iko na kazi yake, na kila maji iko na kazi yake. Kama haujui, uliza. Kama umekosa, sema mbio. Lengalenga ningepanda ingine, mutoto yangu. Lakini jirani mwenye ningefukuza bure, ningemupanda wapi?"