Shimo la Marnie kwenye Kilima cha Hollis

Kila asubuhi Marnie Tolliver alimtilia babu yake dawa ya macho, kisha akamsogezea kikombe cha kahawa mpaka kiguse vidole vyake. Marnie alikuwa na miaka kumi na miwili. Babu Orville alikuwa na sabini na minane, na daktari alishasema bila kuzunguka kwamba macho hayo hayangefika kiangazi yakiwa yanaona.

Jumapili hiyo ya Aprili meza ilijaa nyundo, ndoo na glavu. Mama alikuwa akiandika orodha ya safari. Kila mwaka theluji ikishayeyuka, na tena Oktoba, familia hiyo ilikwenda ranchi ya Bwana Hollis kuchimba mayai ya radi. Yai la radi ni jiwe la duara, baya kwa nje, lina vinundu kama kiazi. Ukilikata kwa msumeno unaweza kukuta ndani akiki, jiwe la kung'aa, la bluu au jekundu, au usikute kitu.

"Miwani ya kukinga macho?" Mama aliuliza.

"Ipo yote," alisema Cody, mdogo wake Marnie, mwenye miaka minane. "Ya Marnie nimeitemea mate ing'ae."

"Chura wewe!" Marnie alifoka.

Babu alicheka. "Mimi nataka jiwe moja tu la bluu. Nilikate, nilione. Baada ya hapo giza lije likitaka."

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Bwana Hollis, na sauti yake ilisikika mezani kote.

"Msije."

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

"Mliacha shimo wazi upande wa kaskazini. Jana farasi wangu alitumbukia, mguu ukavunjika vipande viwili. Nimempiga risasi mwenyewe."

Babu akaichukua simu. "Si sisi, Hollis. Miaka arobaini nachimba kwako. Hatuondoki mpaka tufukie."

"Uliyaona mashimo yote yamefukiwa?"

Babu alisita. "Niliyaona."

"Basi wewe ni mwongo, Orville. Tangu mwondoke Oktoba sijamfungulia lango mtu mwingine." Simu ikakatwa.

Marnie aliinama kama anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Wachimbaji wa huko wana sheria moja kubwa kuliko zote: ukichimba, unafukia, unakanyaga mpaka udongo ushikane. Mwenye ranchi hana haja ya kukufungulia lango, anakufungulia kwa sababu anakuamini. Babu alikuwa akikagua kila shimo mwenyewe, akilichoma kwa fimbo yake. Lakini Oktoba iliyopita upepo ulikuwa mkali na macho yalikuwa yamepungua, kwa hiyo alibaki kwenye gari akauliza tu, "Marnie, lako limefukiwa?"

"Limefukiwa, Babu."

Halikufukiwa. Vidole vya Marnie vilikuwa vimekufa ganzi, akatupia matawi juu ya shimo na kukimbilia gari lenye joto. Matawi yale ndiyo yaliyomfanya farasi asilione shimo.

Jumatatu Babu hakula. Jumanne alikaa ameuelekea ukuta, fimbo magotini. Orodha ya safari ilibaki kwenye friji, na hakuna aliyethubutu kuitoa. Jumatano jioni Marnie alimsikia akimwambia Mama kwa sauti ndogo, "Janine, labda nimeanza kusikia maneno yasiyosemwa. Macho yamekwenda, sasa kichwa kinafuata. Nitafutieni nyumba ya wazee."

"Baba, usiseme hivyo."

"Niseme nini basi? Hollis hajawahi kunidanganya."

Marnie alisimama mlangoni.

"Kichwa chako kizima, Babu. Shimo ni langu. Nilisema limefukiwa, halikufukiwa."

Mama alisema, "Vaa koti." Kabla usiku haujaingia, yeye na Marnie walikuwa langoni kwa Hollis.

Hollis alimsikiliza Marnie akikiri huku analia, mpaka mwisho, mikono mfukoni. "Alikuwa anaitwa Willa," alisema. "Nilimlea kwa chupa. Ulilijua jina lake?"

"Hapana, Bwana Hollis."

"Sasa unalijua. Kulia kwako hakumrudishi. Kilimani kuna mashimo ya wachimbaji wa zamani, kabla sijaweka lango. Jumamosi njooni. Nyundo acheni nyumbani, leteni sepetu."

Jumamosi walifukia mashimo thelathini na moja. Malengelenge ya mikononi mwa Marnie yalipasuka kabla ya saa sita.

"Safari ya mawe bila mawe," Cody alisema, akitema vumbi. "Hongera sana, dada."

Marnie aliinua sepetu tena. Babu alipita kila shimo akishikwa mkono na Mama, akichoma udongo kwa fimbo. Mawili aliyakataa, yakarudiwa. Shimo la Marnie lilikuwa la mwisho, na ukingoni palikuwa na yai la radi moja limetokeza. Hollis aliling'oa kwa kisigino.

"Hili ni la mzee, si lako," alimwambia Marnie. Kisha akamgeukia Babu. "Orville, nilikuita mwongo."

"Ulikuwa sawa. Nilisema nimeona, na sikuona kitu. Niliona aibu kukiri kwamba macho yamekwisha."

Hollis alimkabidhi jiwe. "Aprili ijayo lango litakuwa wazi. Lakini mkaguzi wa mashimo ni huyu binti. Likibaki moja wazi, nalifunga lango kabisa."

Nyumbani Babu aliliweka jiwe kwenye mashine ya msumeno. Maji yalitiririka, msumeno ukalia robo saa, jiwe likagawanyika mara mbili. Babu alilipeleka dirishani, akalisogeza mpaka likakaribia kugusa pua.

"Siioni rangi," alisema. "Niambie, Marnie. Lina bluu?"

Marnie aliangalia. Cody naye aliangalia. Neno moja tu, bluu, lingemfurahisha mzee yule, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Halina, Babu," alisema, machozi yakimtoka. "Ni kijivu tupu. Kama tope."

Babu aliliweka jiwe mezani polepole. Ilikuwa ndoto yake ya mwisho ya macho, na ilikuwa tope. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka ukapata bega la mjukuu wake.

"Sikiliza. Mtu asiyeona anaishi kwa maneno ya watu. Akiambiwa hapa pana shimo, anasimama. Akiambiwa pamefukiwa, anakanyaga. Oktoba niliazima macho yako, ukanidanganya, na Willa akafa. Leo umeniambia kweli, ingawa inauma. Kuanzia leo ninaweza kutembea nawe."

Akalisukuma lile jiwe la kijivu upande wa Marnie.

"Hili usilitupe. Liweke karibu na dawa yangu ya macho, uwe unaliona kila asubuhi."