Zamu Bandani kwa Mshamu

Kikohozi cha kwanza Mwanamkuu alikisikia asubuhi, akiwa jikoni anamenya ming'oko, viazi vya porini vya wakati wa njaa. Kilitoka bandani, kikavu, kikohozi cha mtu mwenye adabu anayetaka mwenyeji ajue kuwa amefika. Akajibu bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka: "Subirini hapo bandani. Mtaitwa."

Kisha kisu kikamsimama mkononi. Bandani hapakuwa na mtu wa kusubiri. Mshamu, mganga mwenye banda lile, alichukuliwa na askari wa Wadachi vita vilipofika huku vilimani nyuma ya Bungu, na tangu hapo hakuna mgonjwa aliyekanyaga uwanja ule.

Alikwenda kuangalia. Banda tupu. Ila kati ya mikeka aliyoikunja mwenyewe na kuisimamisha pembeni, mmoja ulikuwa umetandikwa.

"Mwantum, ulikaa bandani?" alimwuliza bintiye.

"Hata, mama. Nilikuwa kisimani."

Mtoto mwenyewe hakuwa mwongo. Mwanamkuu akaukunja mkeka, akarudi jikoni, na jasho likawa linamtiririka mgongoni.

Ujue kwanza kazi yake, ndipo utaelewa jasho lile. Kwa Mshamu watu hawakuingia ovyo kama mbuzi zizini. Walitoka Ngorongo, walitoka Kibiti, wengine walivuka mto, na wote walipita kwanza kwa Mwanamkuu. Yeye ndiye aliyeuliza nani anaumwa nini, nani katangulia, nani aingie leo na nani arudi mwezi ukiandama. Huna zamu, huingii, uwe nani. Akida mmoja aliwahi kukaa nyuma ya muuza chumvi, akanuna weee, na bado akasubiri.

Majini nao aliwapangia. Mshamu alikuwa hodari wa kumpandisha jini kichwani mwa mgonjwa, lakini kusema naye hakuweza. Alikuwa mtu wa hasira, na jini haendi kwa hasira. Aliyesema nao ni Mwanamkuu. Jini akidai ngoma, na mgonjwa hana uwezo wa ngoma wala wa mbuzi, Mwanamkuu humwambia kwa upole: "Tumekusikia, bwana. Mwache mtu wako apumue. Mpunga ukiingia ghalani, njoo upigiwe ngoma yako." Hapo hufunga kwenye boriti ya banda kitambaa cha rangi aipendayo jini yule, na mgonjwa huenda zake mzima. Kila jini alipewa siku yake peke yake, kwa sababu majini wawili wakikutana uwanja mmoja hugombana, na anayevunjika ni kiti, yaani yule mtu wanayempanda. Mwaka ule vitambaa vilijaa boriti nzima. Mpunga ulikuwa umestawi mabondeni, nani angejua?

Basi vikaja vita. Wanaume wakaenda kunywa dawa ya maji, ile ya kugeuza risasi, wakazikabili bunduki, na waliorudi ni wachache. Mshamu hakuwa wa dawa ile, yeye alikuwa mganga wa majini tu, lakini nenda wewe ukamweleze askari tofauti. Wakamfunga kamba, wakapasua ngoma zake, wakatia moto maghala na mashamba mpaka mtoni. Harufu ya mpunga ulioungua ilikaa hewani, na watu wenye njaa wakawa wanaivuta puani kwa kukosa cha kutafuna. Hakuna kilichoingia ghalani. Wale wagonjwa wenye vitambaa nao wengi walikufia porini, na wa kwanza wao alikuwa Sijaona, mwenye kitambaa chekundu, mwanamke aliyekuwa akicheka hata akiumwa.

Viti vilikufa. Ahadi haikufa.

Asubuhi iliyofuata kile kikohozi cha kwanza, vikohozi vikawa viwili, na mikeka miwili. Siku nyingine ukaja ubani, unanukia vizuri kabisa, na mkaani hakuna hata cheche. Na chini ya ubani kulikuwa na harufu ya tope la mto lililokaa sana kivulini. Halafu ukaja mnong'ono, ule wa watu wanaosubiri, wa kuulizana wewe umefika lini, wewe uko nyuma ya nani. Mwanamkuu aliujua mnong'ono huo kama anavyoujua mlango wake. Akawa hapiti mbele ya banda. Anazungukia nyuma ya choo, yeye na mtoto, mkono kwa mkono.

Jua la utosi, siku ambayo hata kuku walikuwa wamejificha, Mwantum aliweka chini kibuyu cha maji na kukaa kitako uwanjani. Akatetemeka. Kisha akacheka, na kicheko kilikuwa cha Sijaona.

"Mwanangu," Mwanamkuu alisema kwa sauti ndogo. "Mwantum, nitazame."

"Mpunga umeingia ghalani?" mtoto aliuliza, kwa sauti nzito isiyo yake. "Kitambaa chekundu ndicho cha kwanza. Kiti changu kimeoza porini, nikapita hapa, nikakuta hiki. Kidogo, lakini kitafaa."

Mwanamkuu alimbeba mgongoni, mtoto anawaka homa, akaenda naye mbio kwa Mwalimu Bashiru wa chuoni, afundishaye watoto Kurani. Mwalimu akasoma, akaandika kombe, aya za wino sahanini, akaziosha kwa maji, akamnywesha. Mtoto akayatapika maji yale meusi, yananuka tope. Mwalimu akaiweka kalamu yake chini taratibu.

"Bibi," alinong'ona, "mimi hufukuza mgeni aliyekuja bila kualikwa. Hawa nani aliwaambia waje?"

Mwanamkuu akainamisha kichwa. "Mimi."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu, Mwalimu. Mmoja mmoja."

"Ahadi ni deni. Sina aya ya kukutoa kwenye neno lako. Rudi ukaseme nao, wewe ndiwe waliyekuzoea. Na uende upesi, kwa sababu wakiona huyu wa kwanza amepata kiti, wenzake hawatasubiri siku zao, na mwili wa mtoto hauwezi."

Aliogopa, usiulize. Lakini Mwantum ndiye aliyebaki kati ya watoto wote aliozaa, na mumewe, aliyekwenda na wale wa dawa ya maji, hakurudi kutoka vitani, na mtu akibakiwa na kimoja hakiachi. Akamlaza ndani, akamfunika kanga, akatoka peke yake uwanjani, jua liko palepale utosini, kivuli chake hakionekani, akasogea kwenye banda ambalo lilikuwa tupu na limejaa, mikeka yote imetandikwa na kila mkeka umebonyea katikati kwa uzito wa asiyeonekana, ubani unamkaba koo, vitambaa vinapepea juu ya boriti na upepo hakuna, na kadiri alivyosogea ndivyo mnong'ono ulivyopungua, ukapungua, mpaka akasikia wanavyopumua, wote kwa pamoja, wakimtazama.

"Mmefika," alisema. "Karibuni."

Akaingia hadi chini ya boriti.

"Mpunga umeungua. Ngoma zimepasuliwa. Mbuzi sina, hata kuku sina. Sitawadanganya." Akanyanyua mkono, akafungua kitambaa chekundu, akakifunga kwenye mkono wake mwenyewe. Akafungua cheupe, akafunga. Akafungua cheusi. Aliendelea hadi boriti ikabaki mti mtupu, na mikono yake ikajaa mpaka mabegani. "Kiti ni mimi. Mtakuja mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake, kama nilivyowapangia. Asiye na zamu asinisogelee. Na binti yangu si kiti cha mtu yeyote. Atakayemgusa amekosa zamu kwangu milele."

Kisha kitambaa chekundu kikambana mkono, taratibu, kama mtu anayeshika mkono wa mwenyeji wake. Ndani ya nyumba Mwantum alivuta pumzi ndefu, akaita, "Mama, naomba maji," kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba.

Mwanamkuu machozi yakamtoka. Shukrani ilimjaa kifuani hata akasahau ni nani wamemzunguka. Amemkomboa mwanawe. Yaliyobaki ni mwili wake tu, na mwili wake ulikuwa umekwishazoea kuchoka.

Akageuka kwenda kumpa maji.

"Bibi." Sauti ilitoka nyuma kabisa ya banda, ya mzee, ya mtu mpole aliyezoea kuwa wa mwisho. "Sisi wa nyuma tuna swali. Zamu ni nyingi, na wewe si kijana, na njaa hii ni kali. Ukifa kabla hatujafika, zamu zetu atazishika nani?"

Mwanamkuu akaanza kuhesabu siku kwa vitambaa vya mikononi mwake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, hakuwa na siku ya kumpa mtu. Aliyejibu ni Mwantum, kutoka ndani. Hakuwa amepandwa na kitu. Alikuwa mtoto tu, na homa imeshuka, na amesikia watu wanauliza bandani, akasema maneno aliyoyasikia tangu akibebwa mgongoni.

"Subirini hapo bandani," alisema Mwantum. "Mtaitwa."

"Ahsante, mwanangu," sauti ile ikajibu. "Neno lako tumelichukua."

Mikeka ikalia yote kwa pamoja, kama watu wanaojiweka vizuri kukaa.